Yowe Halisomi Kibao

Mwaka wa ishirini na mbili huu nazungusha farasi wa mbao
katika bustani ya burudani kaskazini mwa Jutlandi:
farasi kumi na wanane, batamaji mmoja, na nguruwe
ambaye hakuna anayempanda mpaka wengine wote wajae.

Oktoba hii wamenijengea jirani.
Nyumba ya Maiti: mbao nyeusi, moshi wa mashine,
na kibao mlangoni, Miaka Kumi na Mitatu Kwenda Juu.
Kibao kizuri. Herufi zimenyooka.
Lakini yowe halijui kusoma.
Linaruka uzio, linapita juu ya foleni ya soseji,
linamkuta Ebba, miaka minne, mgongoni mwa batamaji,
naye anaziba masikio kwa mikono miwili
na kuiachia shingo aliyokuwa ameikumbatia.

Nilisimamisha mashine.
Mara tatu siku ile nilisimamisha.

Bwana Krogsgaard, mwenye funguo na hesabu, akaniita ofisini.
Akanionyesha Oktoba ya mwaka juzi: mvua, viti vitupu,
mauzo yasiyolipa hata umeme.
"Vibeke, wanataka wenyewe. Mtoto akililia wembe, mpe."
Nikamwambia: anayelilia ni Malthe, ana miaka kumi na mitatu
na masharubu ya kuchora kwa wino. Huyo mpe.
Ebba hakulilia kitu.
Kwake wembe umeruka ukuta.

Usidhani naichukia hofu.
Nilikuwa na miaka sita baba aliponipandisha treni ya mizimu
kwenye maonyesho ya Viborg; kigari cha bati, giza la harufu ya grisi.
Fuvu lilipodondoka alinibana mkono,
na kiganja chake kilikuwa kimelowa.
Baba yangu, mchinja nguruwe!
Siri ile niliitunza
hadi nilipokishika kiganja kilekile hospitalini,
safari hii kikavu.
Kwa hiyo sitii sahihi barua ya wazazi
inayotaka nyumba ibomolewe kabla ya Ijumaa.
Ya Krogsgaard pia sitii.

Saa sita mchana maiti hutoka kula.
Jeppe, anayesomea uhandisi wa maji, hukaa kwenye benchi langu
na mkate mweusi na samaki wa siki,
uso wake wa mpira magotini, shira nyekundu kidevuni.
Jana Ebba alimjia, hatua mbili mbele, moja nyuma.
"Huyo nani?"
"Mpira tu. Nivae?"
Akatikisa kichwa. Jeppe akaendelea kula.
Ebba akamtazama mpaka samaki akaisha, kisha:
"Vaa. Polepole."
Akavaa.
"Vua."
Akavua.
"Vaa."
Mara kumi na moja, nilihesabu,
na ya mwisho mtoto alicheka kicheko cha tumboni,
mama yake kasimama nyuma na ile barua mkononi,
hajui aikunje au aikunjue.

Saa saba kasoro dakika tano kengele ikalia.
Jeppe akarudi kufa.
Yowe likatoka ukutani, na Ebba,
aliyekuwa akimwamuru maiti sasa hivi,
akalia kama juzi.

Basi nimeandika barua yangu, mistari minne:
Hamisheni nyumba ng'ambo ya ziwa, nyuma ya misonobari.
Ikishindikana, nenepesheni kuta.
Wekeni kwa ndani kitasa ambacho mtoto anakifikia.
Na nguruwe wangu apakwe rangi.

Sijajibiwa. Kesho Jumamosi, watakuja wengi.
Nimepandisha kinanda mpaka mwisho, farasi wanatetemeka,
na batamaji nimemfunga mkanda wa kiunoni,
kwa ajili ya watakaohitaji
mikono yote miwili masikioni.